Mlingoti wa Kumi na Nne

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, bamba la kupimia majivu mguuni pa mlingoti wa kumi na nne lilishuka hadi sifuri.

Tusekile aliiona namba ikishuka. Gramu mia sita na kumi. Mia nne. Mia moja na themanini. Sifuri. Mapigo matatu, na kati ya pigo na pigo nafasi ya mtu kuvuta pumzi. Kisha namba ikaanza kupanda tena taratibu, kama zilivyokuwa zikipanda namba za milingoti mingine yote thelathini.

"Upepo huo," alisema mhandisi Pendaeli bila kugeuza kichwa.

"Na jana?"

"Jana pia upepo."

"Saa ileile?"

"Mama Lugano, mimi ni mtu wa Machame. Upepo wa Rungwe mnaujua wenyewe."

Siku nyingine angecheka. Lakini hii ilikuwa siku ya kumi na nane tangu mlima Kyejo ufunguke, na kucheka kulihitaji nguvu ambazo Tusekile alikuwa amezitunza kwa ajili ya kukaa macho. Nje ya dirisha la kituo asubuhi ilikuwa na rangi ya jivu la jikoni. Taa za barabarani zilikuwa zinawaka. Majivu yalianguka bila haraka wala sauti, na yalikuwa yameingia kila mahali: kwenye mishono ya nguo, kwenye unga, kati ya jino na jino. Zamani Tusekile alikuwa na sala ndefu ya asubuhi, yenye majina ya watu na shukrani za kila namna. Siku hizi sala yake ilikuwa imebaki maneno mawili. Bwana, leo.

Redio ilikoroma.

"Kituo, kituo, hapa jikoni Lupando."

"Tunakupata, dada Tumpale," alijibu Tusekile.

"Chakula chenu nakipakia kwenye gari la saa saba. Ndizi na maharage. Mkisikia kitu kinasaga menoni msinilaumu mimi, mlaumuni Kyejo."

Pendaeli aliinama kwenye kipaza sauti. "Hizo ndizi zimeungwa kwa nyama au kwa maneno?"

"Kwa maneno, Mchaga wewe. Nyama uliiacha kwenu." Tumpale alicheka, akakohoa, akacheka tena. Alikuwa mpishi wa kambi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, na tangu watu wahamishwe alikuwa akilisha watu elfu kumi na moja kwa sufuria ishirini na mbili. "Ila jamani, bila utani. Bati la hili jiko linalia. Mkivuta pazia mapema mtakuwa mmetusaidia."

"Tunasubiri amri, dada."

"Haya. Mungu awatie nguvu."

Amri ilikuja kabla kikombe cha Tusekile hakijapoa.

*

Majivu hayawezi kurudishwa mlimani. Hilo ndilo jambo ambalo watu wa kambini walikuwa hawataki kulielewa, na Tusekile hakuwalaumu. Walisikia neno pazia wakadhani ni kitu kinachozuia. Pazia halizuii. Milingoti thelathini na moja imepandwa juu ya matuta, kila mmoja na taji la shaba kichwani. Ikipewa umeme, majivu yaliyo hewani hushikana kama unga ulioguswa na maji, huwa mazito, huanguka hapohapo. Yasipoangukia mjini yanaangukia bondeni. Kazi ya kituo ni kuchagua bonde.

Na kwa sababu ni kuchagua, sheria ilikataa mashine ifanye peke yake. Mashine za kwanza ziliachwa zichague, na zikachagua bonde lenye wachungaji wa ng'ombe ambao hawakuwa kwenye orodha yoyote. Tangu hapo pazia haliwezi kuvutwa mpaka mtu aweke kiganja chake kwenye kioo na kutamka: Bonde liko tupu, nashuhudia. Na mtu huyo lazima awe mkazi wa bonde lenyewe. Ndiyo maana miaka minne iliyopita kituo kilimchukua Tusekile kutoka kwenye shamba la chai kikamfundisha kazi. Mhandisi yeyote angeweza kuwasha mitambo. Kushuhudia bonde la Kabembe aliweza yeye tu.

Kwenye skrini amri ilisomeka hivi: wingu jipya limetoka saa kumi na moja alfajiri, upepo wa ziwani unalisukuma kuelekea mji wa Lupando, pazia livutwe juu ya Kabembe, mlingoti wa tisa hadi wa ishirini na mbili. Makadirio ya majivu bondeni, mita moja na nusu. Chini yake hati ya msajili: kaya mia mbili na sita, zote zimehama.

Tusekile alisimama. Goti la kushoto lililia. Mita moja na nusu ilimaanisha hakuna nyumba itakayobaki na paa, na yake ikiwemo. Alikuwa amekwisha kulilia jambo hilo tangu wiki iliyopita, akalimaliza.

Aliweka kiganja kwenye kioo. Kioo kikawaka kijani.

"Bonde," alisema.

Akanyamaza. Mapigo matatu. Nafasi ya kuvuta pumzi.

Mlingoti wa kumi na nne ulikuwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, kati ya migomba, hatua tano kutoka kaburi la mume wake na kaburi la mama mkwe. Kila asubuhi ya ndoa yake, na kila asubuhi ya ujane wake, alisikia kutoka upande wa pili wa migomba mtu akifagia pale makaburini. Mapigo matatu marefu ya ufagio, anapumzisha kifua, matatu tena. Hakuwahi kumwona anayefagia. Hakutakiwa kumwona.

Aliondoa mkono kwenye kioo.

"Mhandisi, si upepo. Kuna mtu anafagia bamba."

Pendaeli alimtazama kwanza yeye, kisha skrini. "Nani?"

"Baba mkwe wangu."

"Si alihama? Kaya yako imewekewa alama hapa. Watu wawili, maana Lugano yuko bweni, na wote wamehama."

"Nilihama mimi."

Ikabidi amweleze, na alieleza kwa kifupi kwa sababu muda haukuwepo. Kwa desturi ya wazee wao, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapiti njia moja. Mmoja akisikia mwenzake anakuja, anapisha. Wengi wameiacha desturi hiyo, vijana wanakaa na wakwe zao meza moja na kutaniana. Lakini yule mzee hakuiacha, na Tusekile aliolewa akiwa na miaka ishirini na nne akaikuta, akaiheshimu.

"Miaka kumi na tisa uko naye boma moja," alisema Pendaeli, "hujamwona uso?"

"Nimemwona mgongo."

"Na siku ya kuhama?"

"Lilikuja lori moja. Nilikuwa nimeshapanda. Alipofika kwenye kona akaniona, akarudi nyuma ya migomba. Akamwambia jirani atapanda linalofuata." Tusekile alifuta kioo kwa upindo wa kitenge ingawa hakikuwa kichafu. "Karani aliuliza namba ya kaya. Nikampa. Akaweka alama. Baadaye matope yakafunga njia, na lori lingine halikuja."

"Na kambini hukumtafuta?"

"Nimtafute vipi? Niingie kwenye mahema ya wanaume nichungulie uso nisioujua? Nilimtuma jirani mara mbili. Akaambiwa wazee wako upande wa shule. Nikaridhika." Alirudia neno hilo polepole, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Niliridhika."

Pendaeli alivuta redio. Aliuliza jina la mzee. Tusekile alifungua mdomo akaufunga, maana mkamwana hatamki jina la mkwe, akaliandika kwenye kipande cha karatasi na kukisukuma mezani. Pendaeli alisoma: Anyigulile. Akamtazama tena, na safari hii hakutania.

*

Asajile, dereva wa trekta la kuzoa matope, alikuwa darajani, penye mlingoti wa ishirini na mbili, mdomo wa bonde.

"Kupanda siwezi," alisema redioni. "Trekta litazama. Kwa mguu ni saa nzima kwenda tu, tope linafika magotini. Halafu jamani, nimtafute wapi? Humu ndani sioni hata mkono wangu."

"Akishuka mwenyewe je?"

"Njia ya milingoti iko juu kidogo, mtu mwepesi anapita. Akifika darajani namchukua. Lakini huyo mzee namfahamu. Vipaza sauti vimemwambia hama siku kumi na nane. Kumbe hajahama."

Kila mlingoti ulikuwa na kipaza sauti chake. Pendaeli aliwasha cha kumi na nne. "Mzee Anyigulile! Hapa ni kituo cha pazia! Shuka darajani sasa hivi, kuna trekta linakusubiri! Mzee, ni hatari!"

Walingoja. Bamba lilisoma gramu kumi na moja. Kumi na mbili.

Alirudia. Aliomba, alifoka, akasema ni amri ya serikali. Gramu kumi na nne.

Kwenye skrini ya pili kulikuwa na mapaa ya Lupando. Hospitali: kilo sabini na moja kwa kila mita ya mraba, na kikomo chake ni mia na ishirini. Shule: sitini na nane. Ghala: sabini na nne. Namba zote zilikuwa bado kijani, na zote zilikuwa zinapanda.

"Mama Lugano," alisema Pendaeli kwa sauti ya chini. "Nisikilize bila kunikasirikia. Kule kuna wodi ya wazazi. Kuna watu elfu kumi na moja. Hapa kuna namba moja inayoshuka saa nne asubuhi. Hukumwona. Hujui."

"Unataka nishuhudie uongo."

"Usichokijua si uongo."

"Nilikuwa sijui mpaka dakika kumi zilizopita. Sasa najua."

"Basi na wale unawajua. Utawafanyaje?"

Aliinamisha kichwa akajaribu kuomba, na hata maneno yake mawili hayakuja. Kilichokuja ni picha ya kipuuzi: yeye mwenyewe akitoka mtoni na ndoo kichwani miaka yote ile, akifika kwenye kona ya migomba anakohoa na kusema kwa sauti, Napita, naomba njia. Kila mara alisikia majani ya migomba yakisogea. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, yule mzee akiwa na homa, akiwa na mzigo wa kuni mgongoni, hata siku ya mazishi ya mwanawe wakati macho ya wote wawili yalikuwa hayaoni kwa machozi. Serikali aliikatalia mengi. Njia hakuwahi kumnyima.

Tusekile aliinua kichwa.

"Niwashie wa kumi na moja," alisema.

"Yuko kumi na nne."

"Najua. Niwashie wa kumi na moja, juu yake. Mimi nateremka."

Pendaeli alielewa kabla hajamaliza kusema. Vidole vyake vikakimbia.

Tusekile alisogeza kipaza sauti. Alikohoa, kama alivyokuwa akikohoa kwenye kona, na kikohozi chake kikatoka kikubwa juu ya bonde lenye giza.

"Napita," alisema. "Naomba njia."

Alihesabu hadi ishirini. Wa kumi na mbili.

"Napita. Naomba njia."

Wa kumi na tatu. Alijaribu kuifanya sauti ya mtu anayetembea, asiye na haraka, mwenye ndoo kichwani. Bamba la kumi na nne lilisoma gramu ishirini na moja. Halafu likaruka: kilo thelathini, kilo hamsini na tatu, kilo tano, sifuri. Mtu alikuwa amekanyaga, akapita.

Pendaeli alipiga meza kwa kofi. "Anapisha! Kwa kwenda wapi?"

"Mlima uko upande wangu. Atapisha kwa kwenda chini."

Bamba la kumi na tano halikuonyesha kitu. Tusekile alisema maneno yale kutoka wa kumi na nne, nyumbani kwake, na alipoyasema aliwaza jinsi sauti yake ilivyokuwa ikipita juu ya kaburi la mume wake kwa mara ya mwisho. Bamba la kumi na sita halikuonyesha kitu. Alisema kutoka wa kumi na tano. Mikono ya Pendaeli ilikuwa imeshika ukingo wa meza.

La kumi na saba: kilo hamsini na tatu.

"Asante Yesu," alisema Tusekile, mbali na kipaza sauti.

Redio ilikoroma. "Kituo, hapa jikoni. Dada, pazia vipi? Huku yanakuja sasa kama mchanga, na yamelowana."

Tusekile aliangalia skrini ya pili. Hospitali, themanini na tatu. Ghala, themanini na sita. Alipiga hesabu kichwani: milingoti mitano imebaki, mzee anatembea vizuri.

"Dakika kumi, dada Tumpale. Nipe dakika kumi."

"Dakika kumi sawa. Basi ngoja niivishe hii sufuria, nisiiache mbichi."

La kumi na nane: kilo hamsini na tatu. La kumi na tisa: vilevile, lakini zilikaa kwa muda mrefu zaidi kabla hazijaondoka.

La ishirini: kilo hamsini na tatu. Hazikuondoka.

Walingoja. Kilo hamsini na tatu. Dakika moja. Dakika mbili. Majivu yaliongezeka juu yake, gramu kwa gramu, na namba ikayajumlisha pamoja naye kana kwamba ni kitu kimoja.

"Ameanguka," alisema Pendaeli.

"Amekaa. Ana miaka sabini na saba. Kifua chake hupumzika." Alijua mapumziko yale. Alikuwa ameyasikia kwa miaka kumi na tisa.

Dakika nne. Hospitali, tisini na tano. Dakika sita. Dakika kumi alizoahidi zilikuwa zimekwisha, na Tusekile hakuliwaza hilo, kwa sababu kichwa chake chote kilikuwa juu ya bamba moja.

Hakuwahi kumwambia mzee yule neno lolote zaidi ya yale matatu. Kumwomba mtu njia mara moja ni heshima. Kumfukuza mzee aliyekaa kupumzika, kumsukuma kwa adabu yake mwenyewe kama mbuzi, hakujua kunaitwaje. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Aliwasha mlingoti wa kumi na tisa, ulio karibu zaidi nyuma ya mgongo wa mzee.

"Baba," alisema. "Samahani. Najua umechoka. Na mimi nimechoka. Naomba njia tena."

Hakuna kitu kilichosogea. Kisha kilo hamsini na tatu zikawa kilo ishirini, zikawa hamsini na tatu, kama mtu anayejiinua kwa fimbo. Zikaondoka.

La ishirini na moja alilipita baada ya dakika saba.

Asajile aliita. "Nimempata! Yuko hapa, amejifunika koti usoni, hataki kulitoa. Mweupe kama mzimu." Nyuma yake kulisikika sauti nyembamba ikiuliza kitu. Asajile alicheka kicheko cha mtu anayetaka kulia. "Anauliza mkamwana yuko wapi. Anasema tuondoke haraka, asije akamkuta barabarani."

Tusekile aliweka kiganja kwenye kioo. Kikawaka kijani.

"Bonde liko tupu," alisema. "Nashuhudia."

Pendaeli aliwasha mitambo. Mataji ya shaba kumi na manne yalianza kulia sauti moja nzito, na juu ya Kabembe mawingu yakaachia. Bamba la kumi na nne lilisoma kilo moja. Kilo tisa. Kilo arobaini. Saa sita na nusu likasoma namba ambayo halikutengenezwa kuisoma, likazimika.

Kutoka amri hadi kiganja zilikuwa zimepita dakika arobaini na sita. Hospitali ilisimama kwenye mia moja na mbili, kijani. Shule, kijani. Ghala, kijani.

Gari la saa saba halikuja. Saa nane Pendaeli alipiga redio jikoni kuuliza, na aliyejibu hakuwa Tumpale.

Jiko la kambi lilijengwa kwa nguzo za mikaratusi na mabati ya kuazima, wiki mbili zilizopita, kwa haraka. Hakuna aliyewahi kuweka kipimo juu ya paa lake. Liliporomoka saa tano na nusu, dakika chache kabla pazia halijavutwa. Wengine walikuwa wametoka nje kuchota maji. Yeye alikuwa akisubiri sufuria iive.

*

Walimzika Alhamisi, kwenye kiwanja nyuma ya kanisa, kwa kuwa nyumbani kwake nako kulikuwa chini ya majivu.

Tusekile hakulala siku hizo mbili, wala hakulia. Tume ilikuja kituoni, ikasoma kumbukumbu za mitambo, ikamwambia alifuata sheria. Alisaini walipomwonyesha. Pendaeli alimwambia, mmoja ametoka bondeni na mmoja ameingia kaburini, Mama Lugano, hesabu hiyo si yako. Alimshukuru. Hakuna lililomfika. Aliomba jinsi alivyoweza, na mara nyingi aliona kuwa hakuwa anaomba, alikuwa anahesabu. Dakika kumi. Angeweza kusema, tokeni nje. Maneno mawili tu. Alikuwa na maneno kwa kila mlingoti, na kwa jiko hakuwa nayo.

Kiwanjani wanawake walikaa chini upande mmoja, wameshikana, wanaomboleza. Wanaume walisimama upande wa pili na majembe. Majivu yalikuwa yamepungua, yakawa kama ungaunga tu, na kwa mara ya kwanza jua lilionekana, jekundu na dogo. Tusekile alikwenda moja kwa moja kwa dada wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheusi, akapiga magoti.

"Naitwa Tusekile. Natoka kituoni."

Mwanamke yule alimtazama. "Wewe ndiye uliyesema dakika kumi?"

"Ndiye mimi."

"Walioponea nje wamenieleza. Wanasema marehemu alisema, yule dada akisema kumi ni kumi."

Tusekile aliinama, akaweka mikono kwenye majivu.

"Na huyo uliyekuwa unamngoja, alitoka?"

"Alitoka."

Mwanamke alifumba macho. Midomo yake ilitembea. Kama ilikuwa sala au laana, Tusekile hakuweza kujua, na alikuwa tayari kwa vyote viwili. Kisha mwanamke akasogea kidogo kwenye mkeka, akafanya nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa," alisema. "Mimi sijakusamehe. Sijui kama nitaweza. Lakini huwezi kupiga magoti kwenye majivu siku nzima. Kaa, tulie."

Akakaa. Bega la yule mwanamke lilikuwa na joto.

Upande wa wanaume kulikuwa na mabishano madogo. Mtu fulani alitaka kuchimba, wenzake wakimwambia, mzee, hapana, tuachie sisi, wewe juzi tu umetoka kwenye tope. Sauti nyembamba ilijibu kitu. Tusekile aliijua, akashusha kitambaa chake mpaka machoni, akageukia pembeni kama ilivyompasa. Akatazama ardhi.

Kabla ya jembe la kwanza aliusikia ufagio. Kuna aliyekuwa akiondoa majivu pale ambapo kaburi lingechimbwa, ili ardhi ionekane, ili yule mama alazwe kwenye udongo na si kwenye vumbi la mlima. Mapigo matatu marefu. Kifua kikapumzika. Matatu tena.

Hapo ndipo Tusekile alipoanza kulia.